Natafuta katuni ya Kirusi ya zamani: mvulana anaingiwa na kioo jichoni, msichana anamfuata hadi kwenye barafu

BabaZuhura_Tabata

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kichwani miaka na miaka naomba mwenye kujua anisaidie. Kuna katuni niliiangalia nikiwa mdogo, nahisi ni 1992 au 93, nilikua na miaka saba nane hivi tunakaa Magomeni Mapipa. Mjomba wangu Salumu alikua karudi kutoka Urusi, alisomea uinjinia Leningrad, akaja na deki na kanda kama sita kwenye begi la ngozi. Wanaokumbuka kipindi hicho watakubaliana na mimi, huku bara hatukua na kituo cha televisheni hata kimoja, Zanzibar ndo walikua nayo tangu zamani, sisi mpaka 1994 ndo mambo yakaanza. Kwahiyo mwenye deki mtaani ni kama ana sinema yake, ikifika jioni watoto tumejaa sebuleni kwa mjomba, wengine wako nje wamepanda juu ya ndoo wanachungulia dirishani.

Sasa hiyo katuni ilikua ya Kirusi, hakuna mtoto aliyeelewa hata neno moja, mjomba anakaa pembeni kwenye kigoda na kikombe chake cha kahawa anatutafsiria. Ninachokumbuka ni hivi, anaanza kizee kifupi sana chenye miavuli miwili ndo kinasimulia, mjomba alikua anakiita Mzee Miavuli. Halafu kuna mvulana na msichana majirani, wanakaa juu kabisa darini, wanapanda waridi kwenye maboksi. Mvulana anaingiwa na kipande cha kioo jichoni na kingine moyoni, hapo hapo anageuka, anakua mkorofi, anaharibu maua, anamwigiza bibi kwa kejeli. Akaja mwanamke mrefu mweupe na gari lake la kuteleza kwenye theluji akamchukua. Msichana akaenda kumtafuta peke yake, akaupa mto viatu vyake vipya ili umrudishie rafiki yake, akapita kwa bibi mchawi mwenye bustani, akakamatwa na majambazi msituni ambao wana binti mwenye kisu, na mwisho akabebwa na mnyama mwenye mapembe marefu mpaka huko kwenye barafu.

Kitu kimoja nakikumbuka kama jana. Mjomba alisema mwavuli mmoja wa yule mzee una rangi zote za duniani na mwingine ni mweusi. Mimi nikabisha, mana kwenye televisheni yote miwili ilikua kijivu tu, picha nzima ilikua nyeusi na nyeupe. Akaniambia "we niamini mimi, una rangi."

Mjomba alifariki 2009 na zile kanda zilishaliwa na fangasi, nilizikuta stoo zimeota ukungu mweupe. Sasa nina binti wa miaka sita na kila nikimsimulia hadithi hii anataka kuiona. Nimetafuta sana "katuni ya Kirusi nyeusi na nyeupe" sipati kitu. Naomba jina lake, na kama kuna mtu ameshawahi kumwonyesha mtoto wa Kiswahili katuni ya lugha asiyoijua aniambie alifanyaje.

dogo_wa_sinza

Mkuu hiyo si Frozen hiyo? Malkia mwenye barafu, msichana anaenda kumtafuta huko milimani, kuna na mnyama mwenye mapembe. Iko kila mahali hata kwa wauza muvi wa Kariakoo unaipata kwenye fleshi

mkongwe_upanga

Hapana kijana, Frozen ni ya Marekani ya 2013, mjomba wa mtu hawezi kuwa nayo kwenye deki 1992. Ila hujakosea sana mana zote mbili zimechota kisima kimoja, Frozen ilichukua kidogo tu ikatunga hadithi yake, hii ya Kirusi yenyewe imemfuata mwenye hadithi karibu hatua kwa hatua.

BabaZuhura, hiyo bila shaka yoyote ni Snezhnaya Koroleva, yaani Malkia wa Theluji. Imetengenezwa na studio ya Soyuzmultfilm pale Moscow mwaka 1957, mwongozaji ni Lev Atamanov. Inachukua saa moja na dakika chache. Hadithi yenyewe sio ya Kirusi, ni ya Hans Christian Andersen wa Denmark, aliitoa 1844. Mvulana anaitwa Kai na msichana ni Gerda. Tafuta kwa hilo jina la Kirusi utaipata.

Sasa kuhusu rangi, hapa nimefurahi sana uliposema hivyo kwa sababu yalinikuta haya haya. Hiyo katuni ni ya rangi na ina rangi nzuri mno. Tatizo ni kanda ya mjomba wako. Urusi walikua wanatumia mfumo wa rangi unaitwa SECAM, ule ule wa Ufaransa, sisi huku tulikua tunatumia PAL. Kanda iliyorekodiwa kwa SECAM ukiiweka kwenye deki na televisheni ya PAL picha inatoka safi, sauti inatoka safi, ila rangi haisomeki, unapata nyeusi na nyeupe. Mimi nilirudi 1989 na kanda nane na nikadhani nimeuziwa mbovu, nikamlaumu yule mtu wa dukani kule bure kabisa, mpaka fundi mmoja wa Mtaa wa Uhuru akanieleza. Kulikua na mashine za kusoma mifumo yote ila bei yake haishikiki. Kwahiyo mjomba wako aliijua ile katuni kwa rangi zake, aliiona kule, nyie mkaiona kijivu, naye akawa anawajazia rangi kwa mdomo. Alikua anawaambia ukweli.

Na mimi niseme kidogo kuhusu hii katuni kwa sababu ndiyo iliyonifundisha Kirusi. Mwanafunzi wa kigeni ukifika kule mwaka wa kwanza wote unasoma lugha tu kabla hujaingia kwenye fani yako. Jioni kulikua na kipindi cha watoto cha kuwalaza, kipo tangu 1964, kila siku kinatoa katuni, na sisi watu wazima na ndevu zetu tunajazana chumba cha televisheni hosteli tunakiangalia, Waethiopia, Wakuba, Wayemeni, sisi Watanzania watatu. Katuni zao wanaongea taratibu na kwa lugha iliyonyooka. Hii ya Malkia nilikua naijua karibu yote kwa kichwa. Huyo Mzee Miavuli jina lake ni Ole Lukøje, ni wa Andersen huyo huyo ila katika hadithi nyingine kabisa, ni mzee wa usingizi, mtoto mwema anamfungulia mwavuli wa picha anaota ndoto nzuri, mtoto mtukutu anapewa ule usio na kitu anaamka hajaota chochote. Atamanov ndo akamtoa huko akamweka hapa awe msimulizi.

BabaZuhura_Tabata

Mzee wangu mkongwe shikamoo. Sijui niseme nini, nimesoma hapo kwenye SECAM na PAL mara tatu. Yaani miaka thelathini nimekua nikiamini kuwa mjomba alikua anatutilia chumvi.

Nimeshaipata, ipo mtandaoni nzima, nimeipakua usiku kwa bando la usiku. Sijaifungua bado, nataka niifungue na mtoto. Ila sasa nabaki na lile swali la pili, nitamwonyeshaje, Kirusi mimi sijui, maandishi ya chini yaliyopo ni ya Kiingereza na Zuhura ndo kwanza yuko darasa la kwanza.

Mama_Chekechea_Mbagala

Baba Zuhura hongera kwa kuipata. Mimi ni mwalimu wa chekechea, miaka kumi na tatu sasa, na hadithi hii nawasimulia watoto kila mwaka kutoka kwenye kitabu, kwa hiyo naomba nikupe niliyoyaona.

Kwanza neno theluji. Watoto wa Dar wanaijua barafu, barafu ni ile ya friji, ile ya ubuyu ya kwenye mfuko wa nailoni. Ukimwambia theluji anaona mawe ya barafu yanaanguka kutoka juu yanawapiga watu vichwani, nilishangaa sana mtoto mmoja aliponiuliza kwa nini watu wa huko hawavai helmeti. Nikakaa nikafikiri. Shuleni kwetu nyuma kuna mti wa msufi, na matunda yake yakikauka na kupasuka ile sufi inaelea hewani, inatua taratibu kwenye nywele, kwenye paa, uani kote kunakuwa kweupe. Nikawatoa nje siku ya upepo nikawaambia hii ndiyo theluji, tofauti yake ni kwamba ile ni ya baridi na ukiishika inageuka maji mkononi. Wakaelewa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo tafadhali usimwite Malkia wa Barafu, barafu ni ngumu, mwite Malkia wa Theluji, kwa sababu yule mama hatishi kwa ugumu, anatisha kwa sababu anakuja kimya kimya na ni mzuri.

Pili ni ule kioo. Kwenye kitabu cha Andersen kioo ni cha shetani, alikitengeneza ili kila kizuri kionekane kibaya, kikaponyoka huko juu kikavunjika vipande kwa mamilioni vikaingia kwenye macho ya watu. Kwenye hii sinema wamebadilisha, malkia mwenyewe ndiye anakivunja kwa hasira, kwa sababu Kai alimtania kwamba akija atamweka juu ya jiko ayeyuke. Mimi hapa nipo na kitabu zaidi kuliko na sinema. Kwenye kitabu Kai hakumkosea mtu, lilimpata tu, kama ugonjwa. Kwenye sinema mtoto anaweza kudhani kwamba Kai aliadhibiwa kwa utani wake, na ukiwa na mtoto muoga atakaa na hilo usiku. Mwambie mapema kwamba Kai hakuwa na kosa. Na ukitafuta neno la kile kipande sema kibanzi, mtoto aliyekwenda Sunday school kidogo tu atakumbuka kibanzi kwenye jicho la ndugu yako, na hata asiyekwenda neno lenyewe linachoma linavyosikika.

Tatu usimwonyeshe saa nzima kwa mpigo. Ikate.

mchora_katuni

Habari zenu, mimi nachora katuni kwa kompyuta, niko Mwananyamala, na hii filamu nimeiangalia fremu kwa fremu kwa hiyo samahanini nitaandika kirefu kidogo.

Baba Zuhura ukiifungua mwangalie Malkia anavyotembea halafu umwangalie Gerda. Utaona kitu macho yanakwambia hapa kuna tofauti ila hujui ni nini. Gerda, Kai, kunguru, Ole, wote wamechorwa kwa mkono huru, wanadunda, wanavutika, wana ule wepesi wa katuni. Malkia hapana. Malkia waliigiza kwanza kwa mtu wa kweli wakampiga filamu, kisha wachoraji wakaifuata ile miondoko fremu moja moja kwa penseli. Ndo mana anageuza shingo kama binadamu mzima aliyeingia kwenye dunia ya karatasi. Mikono yake haitetemeki. Studio nyingi kipindi hicho zilikua zinatumia hiyo njia kwa wahusika wote kwa sababu inarahisisha kazi, matokeo yake wote wanakua wazito. Hawa wakaiweka kwa mmoja tu, yule asiye na joto. Mimi kila nikifika pale gari lake linapoingia mjini nasimamisha nachora tena pozi lake kwenye daftari na sijawahi kulipata sawasawa.

Mmoja wa waliobuni sura za wahusika ni Leonid Shvartsman, ndo huyo huyo baadaye alimchora Cheburashka, yule mnyama mwenye masikio makubwa ya mviringo ambaye Warusi wanampenda mno. Aliishi miaka 101, amefariki 2022. Na Ole Lukøje amechezeshwa na Fyodor Khitruk ambaye baadaye akawa mwongozaji mkubwa mwenyewe.

Na sauti ya Gerda, ile sauti ya mtoto wa miaka saba nane, ni ya mwigizaji Yanina Zhejmo. Amezaliwa 1909. Piga hesabu, filamu ni ya 1957. Mwanamke wa miaka 48 na usipoambiwa huwezi kujua hata siku moja.

Kwa wale wanaopenda katuni za Kijapani, Hayao Miyazaki aliiona hii akiwa kijana anafanya kazi studio ya Toei, kipindi ambacho alikua anajiuliza kama kazi ya katuni inamfaa au aache. Amesema mwenyewe kwamba hii ilimfanya abaki. Na 2007 watu wa studio yake ya Ghibli wakaitoa upya kwenye majumba ya sinema Japani. Kwahiyo mjomba wako na deki yake ya Magomeni hakuwaletea kitu cha kubahatisha.

Tahadhari moja, kuna toleo la Marekani, kampuni ya Universal waliitoa 1959 wakaweka sauti za Kiingereza na muziki mwingine na kuna mtangazaji mzungu anaongea mwanzoni mambo ya Krismasi. Ukifungua ukamwona huyo ujue sio yenyewe. Chukua ya Kirusi.

dogo_wa_sinza

Aisee kumbe. Nimeenda kuiangalia sa hivi baada ya kusoma hapa nilisema naangalia dakika tano tu nimemaliza yote. Yule binti wa majambazi jamani. Anamtishia Gerda na kisu, anamnyang'anya vitu vyake, ana wanyama kibao amewafunga kamba, halafu usiku anasikia ile habari ya Kai anabadilika anamwachia Gerda na yule mnyama aende zake, na baada ya hapo analia. Yani analia vibaya. Sijaona katuni ya siku hizi inamwacha mtu mbaya alie hivyo bila kuweka kichekesho hapo hapo

mtafsiri_wa_manzese

Naomba nijibu swali la tafsiri maana hapo ndo pangu. Mimi nimetafsiri muvi laivu kwenye kibanda umiza Manzese miaka sita, maiki mkononi, Wahindi, Wachina, Wakorea, kila siku mara tatu. Wengi mnatujua.

Kosa la kwanza la mtu anayeanza ni kuongea muda wote. Na sisi tulianza hivyo, unaogopa ukinyamaza mteja atasema hujui lugha anadai hela yake. Baadaye nikajifunza, mtu akilia kwenye picha wewe funga mdomo. Hasira unaweza kutafsiri, vita unaweza, utani lazima, kilio kinajitafsiri chenyewe. Hapo dogo aliposema binti wa majambazi analia, baba Zuhura usiseme kitu, hata mtoto akikuuliza mshike bega tu.

Kosa la pili ni kufuata maneno. Angalia mwenyewe mara mbili kabla, mara ya kwanza soma hayo maandishi ya Kiingereza uelewe nani anataka nini kwa nani. Mara ya pili zima sauti, angalia midomo na mikono, jisimulie mwenyewe kwa sauti kama unamsimulia mtu aliyekaa jikoni. Hapo ndo utapata maneno yako. Ukimsomea mtoto maandishi atakusikia unasoma, hatakusikia unasimulia.

Yule mzee wa miavuli anavyoanza mwanzoni, usimtafsiri kabisa. Yeye ni msimulizi na sisi tuna namna yetu ya kuanza. Zuhura mwambie hadithi hadithi, ajibu hadithi njoo, uongo njoo utamu kolea, halafu ndo ubonyeze picha iende. Atajua amekaa wapi.

Na Gerda mpe sauti ndogo ila usiibane puani. Malkia mpe sauti yako ya kawaida kabisa ya chini, polepole, usimfanye mchawi. Ila kwa heshima zote mwalimu, mimi ningemwita Malkia wa Barafu. Jina likiwa na neno ambalo mtoto anaweza kulishika mkononi linaingia haraka. Pale Feri ile mashine inavyosaga mabonge ya barafu ya kuwekea samaki, inaruka nyeupe kama unga, mpeleke pale asubuhi umwonyeshe, ataogopa na atapenda vyote kwa pamoja.

Mama_Chekechea_Mbagala

Kaka mtafsiri nakubaliana nawe kwenye kunyamaza, hilo nalichukua hata mimi. Kwenye jina sikubali. Barafu ya Feri ina kelele na harufu ya samaki. Yule mama hana kelele wala harufu, ndiyo hatari yake. Mtoto ukimpa neno jepesi kwa sababu tu analijua tayari unamnyima neno jipya, na theluji ni neno letu zuri, lipo kwenye vitabu, Kilimanjaro tunaisema ina theluji kileleni hatusemi ina barafu ya friji. Akiwa na miaka sita ndiyo umri wa kupokea neno hilo.

Ila kwa habari ya samaki umenikumbusha kitu kizuri. Gerda anafika kwa mama mmoja wa Lapland ambaye hana karatasi, anaandika ujumbe kwenye samaki mkavu ampelekee mwenzake wa Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwei, na kwenye kitabu yule wa Finnmark akishausoma na kuushika kichwani anamtupia samaki kwenye sufuria, kwa sababu hakuna sababu ya kutupa chakula. Watoto wangu wanapenda hapo kuliko mahali pote. Mwaka juzi tuliandika barua kwenye ng'onda wa kweli kwa mkaa.

Na huyo huyo mama wa Finnmark kwenye kitabu ndiye anayesema jambo ambalo mimi nikilifikia sauti inanikatika hata leo. Yule mnyama mwenye mapembe anamwomba ampe Gerda nguvu za watu kumi na wawili, naye anajibu kwamba hawezi kumpa nguvu zaidi ya aliyo nayo tayari, huoni jinsi watu na wanyama wanavyomtumikia, huoni alivyofika huku pekupeku.

mkongwe_upanga

Mimi kwenye jina niko na mwalimu, kwa sababu Kirusi chenyewe kinatofautisha, sneg ni theluji na lyod ni barafu, na aliyepewa jina ni wa sneg. Siku ya kwanza nilipoiona theluji ilikua usiku, Novemba, tuliamka tumeona dirisha limekua jeupe tukatoka nje na malapa, na kitu kilichonishangaza sio baridi, ni ule ukimya. Mji mzima ulikua umenyamaza, magari yanapita hayasikiki. Nikasimama pale nikamkumbuka yule mama wa kwenye katuni, nikaingia ndani haraka.

Mwisho wa sinema nao umebadilishwa, ni vizuri uujue. Kwa Andersen Gerda anafika kwenye jumba la barafu malkia hayupo, amesafiri nchi za joto, machozi ya Gerda yanayeyusha kile kibanzi cha moyoni, Kai naye analia kile cha jichoni kinatoka, wanaondoka zao. Atamanov akamrudisha malkia wakutane uso kwa uso. Hakuna upanga hakuna uchawi, ni mtoto tu amesimama mbele yake hataki kumwachia mwenzake. Mimi hapo niko na Atamanov, mtu umetembea njia yote hiyo halafu usimwone uliyemfuata?

BabaZuhura_Tabata

Wakuu nimerudi. Nimechelewa kuwajibu kwa sababu nilikua nafanya kama mtafsiri alivyosema, nimeangalia mara mbili usiku watu wamelala, ya pili bila sauti, najisimulia jikoni na mke wangu akatoka akaniuliza naongea na nani.

Hapana, naomba niseme vizuri kitu kimoja. Nilisema sitaifungua mpaka niwe na mtoto, ila ilibidi. Nilipoifungua, mwanzo kabisa, akatokea yule mzee na miavuli yake. Nikasimamisha picha. Mmoja ni mweusi. Mwingine una rangi. Nilikaa pale muda, simu imewaka tu mkononi. Nikampigia mama yangu ambaye ni dada mkubwa wa mjomba, saa nne usiku, akapokea anadhani kuna msiba. Nikamwambia mama, mwavuli wa Salumu una rangi. Akanyamaza, akasema "si alikwambia."

Jumamosi tumekaa, mimi, Zuhura, watoto wawili wa jirani na mama kaja kutoka Magomeni. Nimeunganisha simu na televisheni. Hadithi hadithi, hadithi njoo. Jina tumekwenda na theluji, mwalimu umeshinda, nilipata sufi kwenye mto wa zamani niliupasua nikawarushia sebuleni na mpaka leo tunafagia. Kai alipoingiwa na kibanzi Zuhura alifumba jicho lake moja kwa mkono akakaa hivyo hivyo muda mrefu. Alipofika mtoni Gerda akaupa mto viatu Zuhura akanigeukia akaniuliza na Msimbazi ukiupa viatu unarudisha mtu? Maana alishawahi kuona mafuriko pale Jangwani yanavyobeba vitu. Nikamwambia hapana mama, mto huu ni wa kwenye hadithi. Akafikiri akasema "basi angeupa kimoja kwanza aone."

Kwa bibi mchawi mwenye bustani, anapomchana nywele Gerda anaanza kusahau, hapo mama yangu ndo aliongea mara ya kwanza, akasema Salumu alikua hapapendi hapa, alikua anapeleka kanda mbele. Sikulijua hilo. Nimejaribu kukumbuka kama niliwahi kumwona akibonyeza, naona tu mkono wake na kikombe.

Umeme ukakatika ndo kwanza majambazi wanatokea msituni. Watoto wakapiga kelele, nikataka nimalizie kwa mdomo, mama akasema hapana, waache wangoje. Kwahiyo tumekubaliana Jumamosi hii tunaanzia kwa majambazi. Mtafsiri, kwenye kile kilio nitanyamaza kama ulivyosema. Zuhura anauliza kila siku kama Gerda amepata viatu vingine, na jana nimemkuta ameweka vyake vya sikukuu kwenye mfuko, ameufunga fundo na kuutundika kwenye kitasa cha mlango.